Simamisha greda kwanza, barua haijatoka

Mkuu, simamisha hilo greda leo leo. Salamu baadaye. Umeandika kwamba kikundi chenu hapo Missouri kimepigiwa simu, mmechaguliwa kupata ruzuku ya Recreational Trails Program, mfuko wa serikali kuu ya Marekani wa kujenga njia za matembezi na burudani unaopitia majimboni, na wiki hii mnamwaga kokoto ili kipande chenu cha njia kiungane na Katy Trail, ile njia ndefu ya baiskeli na miguu hapo Missouri. Nani kawashauri? Lazima ni mtu mwenye tai. Na sisi tulikuwa na wetu, kwenye mradi wetu wa njia.

Ruzuku hiyo haiji kama mchango wa harusi. Mnamlipa mkandarasi wenyewe, mnapeleka risiti, ndipo mnarudishiwa, kwa kawaida hadi asilimia 80. Inayobaki ni yenu. Na gharama ya ujenzi uliofanyika kabla jimbo halijawapa idhini ya maandishi hairudishwi. Simu si idhini! Katikati hapo kuna ukaguzi wa mazingira na wa mambo ya kale, maana fedha ni za serikali kuu. Mkichimba kabla haujaisha mnaweza kupoteza mradi mzima.

Mshauri wetu alisema, "Hizo ni taratibu tu, anzeni, tarehe zitarekebishwa." Tukaanza. Daraja la mbao, kokoto, kukodi mashine, kila kitu kikawa na risiti safi yenye tarehe mbaya. Zikakataliwa zote. Mshauri akawa hapatikani kwenye simu, ila ankara yake ilifika kwa wakati, bwana yule ana nidhamu yake. Sisi tukabaki na deni la benki. Mke wangu mpaka leo tukipita penye kokoto huuliza kama na hizi ni zangu. Nacheka, nifanyeje.

Na usiniambie "mbona Katy Trail ilijengwa". Ile ilirithi tuta la reli ya zamani ya MKT (Missouri-Kansas-Texas), kama kilomita 386, na wafadhili Ted Jones na mkewe Pat walitoa zaidi ya dola milioni 2 mfukoni mwao. Nyinyi mna nani?

Uliuliza kama farasi na pikipiki wanahesabiwa kwenye ruzuku hiyo. Fedha za mfuko hugawanywa asilimia 30 kwa vyombo vya moto, 30 kwa visivyo na moto, 40 kwa njia za matumizi mchanganyiko. Farasi na baiskeli pamoja wanaingia hapo kwenye 40.

Barua ya idhini ya jimbo ikishatoka, yenye sahihi na tarehe, wasomee wote kikaoni, ndipo mwite dereva. Mwenye greda mmeshampa advansi? Jibu haraka, kama bado hajawasha mashine kuna la kufanya.