Rangi mbili za jero

Mmeuliza wiki hii: umewahi kununua antibayotiki bila cheti cha daktari, na ulijua madhara yake? Mimi nimeuza. Kwa miaka 6 nilikaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa muhimu hapa Dodoma, si mbali na soko la Majengo.

Mtaani dawa hizi hazina jina la kitaalamu, zinaitwa rangi mbili. Mteja anafika mlangoni: "Dada, nipe rangi mbili za jero." Anaumwa nini, hasemi. Na hizo rangi ni za ganda tu. Ndani inaweza kuwa amoksilini, ampisilini au tetrasaiklini, ambayo mtoto wa chini ya miaka 8 hapewi kwa sababu inamharibia rangi ya meno. Nilikuwa nauza kidonge kimoja shilingi 100, kwa hiyo jero ni vidonge 5. Dozi ya amoksilini niliyozoea kuiona kwenye vyeti vya watu wazima, kidonge kimoja cha miligramu 500 mara 3 kwa siku kwa siku 5, ni vidonge 15. Piga hesabu mwenyewe. Na huyo huyo wa jero, akipata nafuu kesho yake, vilivyobaki anavifunga kwenye karatasi avihifadhi kabatini, mtoto akiumwa vipo.

Wanaosema watu hawajui, sikubaliani nao. Nikiomba cheti naambiwa, "Najua dada yangu, lakini nikienda huko siku yangu imeisha." Ana foleni tangu asubuhi, hela ya kumwona daktari, hela ya vipimo, bodaboda kwenda na kurudi, na kibarua alichokiacha. Ukijumlisha, dawa ndiyo kitu rahisi kuliko vyote.

Sisi wauzaji tulifundishwa. Maduka haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003, yakachukua nafasi ya yale ya dawa baridi, ili walio mbali na famasi wapate dawa salama kwa mtu aliyepewa mafunzo. Baadhi ya antibayotiki tunaruhusiwa kuziuza, lakini kwa cheti. Nilijua pia kwamba mafua ni ya virusi na antibayotiki haziui virusi. Upepo wa Agosti ukianza kupeperusha vumbi letu, mtaa mzima unakohoa, na vumbi haliuawi kwa kidonge. Nilikuwa nawaeleza. Wanaitikia kwa adabu zote, kisha wanavuka barabara kwenda duka la pili. Jioni bosi anahesabu mauzo, hahesabu niliowaelimisha.

Kwa hiyo mabango hayatatosha. Mimi ningeanza na kufungasha: antibayotiki iuzwe kwa pakiti ya dozi nzima, ya kukatakata kwa mkasi isiwepo, na kipimo cha mkojo kwenye zahanati kisizidi bei ya sahani ya wali maharage. Muuzaji naye alipwe mshahara usiotegemea mauzo ya siku.

Kulikuwa na mama mmoja, mama lishe, mteja wangu wa siku zote. Mkojo ulikuwa unamchoma. Mara ya kwanza nikampa vidonge vichache, akapona. Ukarudi, nikampa nyingine kali zaidi. Mara ya tatu hivyo hivyo, na cheti sikumwomba hata mara moja, tulishazoeana. Mara ya nne homa ikampanda mpaka akalazwa. Wakauotesha mkojo wake, yaani wakawakuza wale bakteria maabara na kuwajaribu kwa dawa moja moja. Alipotoka alikuja dukani na karatasi ya majibu. Pembeni ya karibu kila dawa, zikiwemo zote nilizomuuzia, kulikuwa na herufi R. Akaniuliza maana yake. Nikamwambia: sugu, dawa hiyo haimuui tena mdudu wako. Alikuwa amepona kwa sindano za siku kadhaa, ambazo ziliondoka na mtaji wake wote wa chakula.

Aliikunja karatasi polepole. "Sasa mwanangu, wewe ulikuwa hujui?"

Ningependa kuandika kwamba niliacha kazi ile kwa sababu yake. Niliacha mwaka uliofuata, kwa sababu ya mshahara.