Umepata kazi kambi ya jamii Umasaini? Soma hii kabla hujafunga mzigo

Hii nakuandikia wewe umemaliza kozi ya hoteli ama utalii, sasa umepigiwa simu uende uripoti kambi ya jamii, yaani kambi ya watalii iliyo kwa ardhi ya wenyeji, huko ndani kabisa, mahali matatu inaishia alafu unachukuliwa na pikipiki ama Land Cruiser ya kambi. Mimi nimefanya kazi upande wa Kajiado, huko chini ukishapita Magadi ukielekea Nguruman, nilianza na kutandika mahema na sa hizi nasimamia wengine, na kila msimu naona vijana wazuri wanashindwa na kitu kimoja tu, wanakuja wakijua bosi ni meneja. Mwenye kambi ni yule mzee unamuona asubuhi akipita na mbuzi, na yule mama anauza shanga pale chini ya mgunga, na pengine hata huyo kijana aliyekubeba na pikipiki. Ukilishika hilo siku ya kwanza mengine yote utajifunza polepole.

Na si maneno ya kuwafurahisha wageni, ni sheria. Ardhi kubwa huku zilikuwa za ranchi za kikundi, yaani ardhi ya malisho ya wanachama kwa pamoja, na tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zinatakiwa zisajiliwe kwa jina la jamii, watu wazima wote wa hiyo jamii ndo mkutano mkuu na wanachagua kamati ya watu kati ya 7 na 15. Kambi zingine jamii inaendesha yenyewe, zingine wameingia mkataba na mwekezaji, yeye analeta wageni na analipa ada kwa kila usiku mgeni analala. Il Ngwesi kule Laikipia wako na loji yao tangu 1996 na mpaka leo ni ya wanajamii. Pembeni mwa Maasai Mara utakuta mpango mwingine, huko watu wengi wako na hati zao binafsi wanakodisha vipande vyao kwa hifadhi na wanalipwa kodi. Kwa hivyo wiki ya kwanza uliza hapa ni mpango upi, nani anamiliki, nani anaendesha, pesa ya mgeni ikifika inagawanywa aje, ngapi ni basari, ngapi ni mishahara ya maskauti wanaolinda wanyama, ngapi ni zahanati. Mgeni atakuuliza hilo swali mezani siku yoyote, na hawa wanaokuja kambi za jamii mara nyingi wamezichagua kwa sababu hiyo hiyo, sasa ukimwambia aulize ofisi anaanza kushuku kama jamii inapata kitu kweli.

Salamu usizichukulie rahisi. Mwanaume unamwambia Supa anajibu Ipa, mama unamwambia Takwenya anajibu Iko, watoto watakuinamishia kichwa uwaguse, na usiwapite hivi hivi eti una trei mkononi. Kuna jioni mzee mmoja aliingia kambini akaketi kiti cha mbele kabisa pale wageni hunywa chai, vumbi miguuni, fimbo juu ya magoti, kijana mpya wa mapokezi akamwendea akamuuliza anatafuta nani. Mzee hakujibu, alimwangalia tu alafu akageuza macho upande wa milima. Mpishi ambaye ni mtu wa hapo ndo alitoka haraka na kikombe cha chai ya maziwa, sukari ya kutosha, akamwamkia kwa heshima, wakaongea mvua, wakaongea ng'ombe, watoto, nani mgonjwa nani amepona, na baada ya hayo yote ndo mzee akatoa kilichomleta, ndovu walikuwa wamevunja paipu ya maji ya kijiji usiku na anataka maskauti wajue wameelekea wapi. Hao ndovu ndo wageni walikuwa wametafuta siku nzima na gari. Sasa fikiria kama huyo mzee angeinuka akaenda zake.

Ng'ombe nao watakuletea maswali. Utapata mgeni amekasirika kabisa, anasema alilipa kuona simba na anaona ng'ombe ndani ya hifadhi. Usimwombe msamaha! Mweleze. Huku chini malisho yana mpango, kuna sehemu inafungwa mvua ikinyesha ili majani yakae, na kiangazi kikikaza kamati inafungua mifugo waingie, na hiyo sehemu iliyopumzishwa ndo inafanya pundamilia na nyumbu wakae, na wakikaa hao simba naye anakaa. Mwambie kuhusu ule ukame ulioanza mwisho wa 2020 mvua ikakosa msimu baada ya msimu, mpaka 2022 mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara Kajiado yote, na familia iliyobaki na ng'ombe wachache bado inaacha nyasi kwa ajili ya wanyama ambao wakati mwingine wanamla huyo huyo ng'ombe. Mimi sijaona mgeni ambaye alielezwa hivyo kwa utulivu akaendelea kununa. Wengi wanaomba kesho yake wapelekwe watembee na wachungaji.

Sasa kazi yenyewe. Maji ndo yatakupima. Shawa nyingi ni za ndoo, lita 20, ndoo inapandishwa kwa kamba juu ya mti ama nguzo nyuma ya hema. Tia maji baridi kwanza ndo uongeze ya moto, ingiza kiwiko, kiwiko kikistahimili basi mgeni pia atastahimili, vuta kamba polepole isimwagike, ifunge imara, alafu simama mbali uite "maji tayari" na uondoke hapo. Mgeni umweleze mapema tangu anaonyeshwa hema, afungue ajiloweshe, afunge, ajipake sabuni, afungue tena ajisuuze, akifanya hivyo lita 20 zinamtosha na nywele zake. Akiyamaliza yote usikubali mtu akuambie uongeze kimya kimya ndoo nyingine, manake kiangazi hayo maji kuna mama ameyafuata mbali na punda, na anajua tanki la kambi liko nusu ama limejaa.

Umeme ni wa sola. Betri za usiku ni za taa, redio na frija basi, drayia ya nywele ikichomekwa inveta inazima na kambi yote inabaki giza, kwa hivyo hilo pia unalisema mapema. Pasi ni ya makaa. Joto la upande wa Magadi mchana linapita digrii 35 kirahisi, fua na utandike asubuhi mapema. Jikoni gari ya sokoni haiji kila siku, so tumia sukuma na mchicha kwanza, kabichi, karoti na viazi viachwe mwisho wa wiki, na ukisahau chumvi hakuna duka la kukimbilia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020, mgeni akija na chupa zake mpe ya kujaza.

Usiku usitembee bila askari, hata kama choo unakiona pale. Nyati dume aliyejitenga peke yake mimi namwogopa kuliko simba, haguni, hakimbii, unamkuta tu amesimama kwa kichaka. Moran anayelinda kambi akikuambia simama, simama, usimuulize kwa nini. Asubuhi kung'uta viatu, nge wanapenda hapo. Zipu ya hema ifungwe mpaka mwisho, nyani anaingiza kidole kwa nafasi ndogo sana na akishaingia analeta wenzake.

Siku ya ndege, kabla rubani hajafika lazima gari ipite uwanja wote wa nyasi kutoka mwanzo mpaka mwisho kufukuza pundamilia, mbuzi, watoto wanaocheza, na mtu abaki hapo mpaka ishuke. Wageni uwakumbushe mizigo ni begi laini na mara nyingi kilo 15, hizi ndege ndogo hazina mahali pa sanduku gumu.

Picha, mwambie mgeni aombe kwanza, kila mara. Na shanga zinunuliwe kwa mama mwenyewe, usiwe wewe wa katikati hata mara moja, itajulikana.

Mwisho nikuambie kuhusu nafasi yako. Kambi hizi kawaida zinataka kazi nyingi ziende kwa watoto wa hapo, na ni haki yao, wewe umeitwa kwa sababu kuna kitu unakijua bado hawajakipata. Basi kifundishe. Keki, hesabu ya stoo, kompyuta, chochote, usikifiche ukidhani ndo kinakulinda. Na wewe jifunze kwao nyayo, ndege, miti ya dawa, alafu ujiandae kwa mtihani wa bronzi, ngazi ya kwanza, wa chama cha waongoza watalii, KPSGA, hata kama sa hizi unabeba sahani, vijana wengi wazuri wa Mara na Laikipia wamepanda kwa hiyo ngazi. Kabla hujasaini mkataba uliza Aprili na Mei mvua ikifunga barabara unalipwa aje, nusu mshahara, likizo bila malipo ama vipi, na uandikiwe. 2020 kambi zilipofungwa kwa sababu ya Corona walioumia zaidi ni wale walikuwa na ahadi ya mdomo.