Maswali Yenu: Mama anataka kufika Gomukh

SWALI: Mama yangu, Mhindu wa Mombasa, anataka kuhiji Gomukh, milimani India, mto mtakatifu Ganga unakotokea chini ya barafu. Ajiandae vipi?

JIBU: Safari huanzia Gangotri, mji mdogo wa hija. Hekalu lake hufunguliwa siku ya Akshaya Tritiya, sikukuu ya Kihindu ya Aprili au Mei, na kufungwa wakati wa Diwali. Gari linaishia hapo. Kutoka hapo hadi Gomukh ni kilomita 18 hivi kwa miguu, kupanda hadi yapata mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Kibali cha idara ya misitu ni lazima. Wengi hukosea kwa kupanda mara tu wanapofika, kabla mwili haujazoea hewa nyepesi ya juu: kichwa kinagonga, wanatapika. Mtu wa pwani alale Gangotri siku mbili, kisha Bhojbasa, kambi iliyo njiani. Akizidiwa, ashushwe hapohapo, asingoje kuche. Maji achote mbali na ukuta wa barafu. Mapande ya barafu huporomoka ghafla. Magoti yakigoma, aoge Gangotri, hija yake imetimia.