Mimi naogopa shwari

Mhariri, mmeuliza wiki hii: katika safari ndefu ya jahazi, ni kitu gani humtesa baharia kuliko vyote? Wengi watawajibu dhoruba. Mimi mtu wa Lamu nasema shwari.

Babu yangu alisafiri na majahazi ya boriti, wakiondoka na kusi, upepo wa msimu utokao kusini, kwenda Arabuni, wakirudi na kaskazi, ule utokao kaskazini, wamepakia tende na chumvi. Mawimbi hayakumtisha. "Upepo ukichafuka una kazi, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Mwashusha tanga, mwafua maji ya ngama yaliyojaa chini ya jahazi, mwamlilia Mungu. Kuogopa utaogopa saa ngapi?" Alichokichukia ni tanga kulegea. Siku ya kwanza watu huimba. Ya tatu, kila jicho liko kwenye fantasi, lile tangi la mbao la maji ya kunywa, na nahodha ndiye anayepima kwa mkono wake: kopo asubuhi, kopo jioni. Hapo ndugu wa tumbo moja hugombania kipande cha sigara.

Hata Wareno yaliwakuta. Wageni hupiga picha kwenye nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, lakini hadithi yenyewe iko katika kurudi kwake. Aprili 1498 aliondoka Malindi na rubani aliyepewa hapo, kusi ikiingia, akafika Calicut, Bara Hindi, bila kutimiza mwezi. Kurudi hakuingoja kaskazi. Bahari ileile ikamla karibu miezi mitatu, mara shwari, mara upepo wa mbele, na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, kikawavimbisha mabaharia ufizi hadi ukafunika meno. Walipotia nanga Malindi Januari 1499, wagonjwa walichotamani ni machungwa. Muda mfupi baadaye meli moja wakaichoma moto, maana watu wa kuiendesha hawakutosha. Mtoto yeyote wa pwani angemwambia asubiri.

Mimi nilionja kidogo tu, tukienda Mombasa. Upepo ulikufa alfajiri katika Ghuba ya Ungwana. Nilikula ndizi, nikatupa ganda. Adhuhuri lilikuwa bado pale ubavuni, linanitazama. Harufu ya mafuta ya papa yaliyopakwa mbao ilipanda na jua hadi wali haukulika. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ikawa inagonga mlingoti, ko, ko, mchana kutwa. Na kile kijisanduku cha choo kilichoning'inia nyuma, siku ya upepo huna habari nacho. Siku ya shwari jahazi zima lasikia. Nilijizuia hadi usiku.

Siku ya pili, saa tisa za usiku, nikahisi ubaridi shingoni. Foromali ikanyamaza. Nahodha hakusema neno. Alifunua fantasi, akatujazia kila mtu kopo hadi ukingoni.