Say au tell, remember au remind?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani, na barua nyingi za kazini naandika kwa Kiingereza. Juzi nilimwandikia mkuu wangu "Please remember me about the meeting", ikarudi imepigwa mstari mwekundu. Maneno haya yananichanganya: say na tell naona yote ni kusema, steal na rob yote ni kuiba. Mwenzangu ananishauri ninunue kamusi ya visawe. Itanisaidia?

JIBU: Marahaba. Kamusi ya visawe nitaifikia. Kwanza hiyo remember, maana dawa yake unayo tayari mdomoni. Kwa Kiswahili usingemwambia mkuu wako "nikumbuke kuhusu mkutano". Ungesema "nikumbushe". Kukumbuka ni remember, kukumbusha ni remind, basi andika "Please remind me about the meeting". Sisi tunabadili mwisho wa kitenzi, Waingereza wanaleta neno jingine kabisa.

Ukishaliona hilo, jozi nyingi zinafunguka. Kukopa ni borrow, kukopesha ni lend. Kuiba ni steal, kumwibia mtu ni rob. Steal hufuatwa na mali iliyochukuliwa: "He stole my phone". Rob hufuatwa na aliyeibiwa, awe mtu au benki: "They robbed the bank". Ukiandika "They stole the bank", umesema jengo zima limebebwa.

Say na tell ni vivyo hivyo. Kuambia hakukamiliki bila mtu. Lazima tujue ni nani aliyeambiwa. Tell nayo inamdai mtu huyo: "She told me she was ill". Say inatosheka na maneno yaliyosemwa: "She said she was ill". "She said me" ni kosa ninalolisahihisha karibu kila ninaposhika kalamu nyekundu, na linaniuma kwa sababu mwandishi wake hakosei kamwe kati ya kusema na kuambia. Ziko kauli chache ambazo tell husimama bila mtu, kama tell the truth, tell a lie na tell a story. Hizo zikariri tu.

Si kila jozi itakubali njia hii. Mwaka 1066 Wanormani walivuka kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya watawala. Kilatini nacho kilikuwa cha kanisa na wasomi. Ndiyo maana Kiingereza kina ask ya kila siku, question iliyotoka Kifaransa, na interrogate ya Kilatini. Mteja unam-ask. Ukisema ume-question maelezo yake, umeyatilia shaka. Interrogate waachie polisi. Yapo pia maneno yanayotofautiana kwa hisia: slim ni sifa, lakini skinny mara nyingi humuumiza anayeitwa hivyo.

Sasa kamusi ya visawe. Peter Mark Roget alipochapisha yake mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa makundi ya mawazo, bila kueleza tofauti zake. Inamfaa anayekijua Kiingereza na kusaka neno lililomtoka. Wewe itakumwagia maneno kumi ukabaki hapo hapo. Nunua kamusi ya wanaojifunza, yenye sentensi za mifano, na usome mifano kabla ya maana. Chini ya remind utakuta "Remind me to call him", yaani nikumbushe nimpigie, na "You remind me of my brother", yaani nikikuona namkumbuka kaka yangu. Sentensi kama hizo zinakili nzima nzima daftarini, pamoja na hiyo to na hiyo of, kwa sababu neno likinakiliwa peke yake litakutupa tena siku ya kuliandika.