Unataka leseni ya kituo cha watoto? Anza na madirisha

Dada mmoja wa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, ameniandikia: amepata nyumba ya kupanga, anataka kufungua kituo cha kulelea watoto mchana, aanze na midoli au magodoro? Mdogo wangu, vyote hivyo vitasubiri. Angalia madirisha kwanza.

Leseni yangu imetoka juzi juzi, na ndiyo, naringa nayo Ilazo nzima. Afisa ustawi wa jamii alipokuja kukagua nilidhani atang'ang'ania vyoo. Akaenda dirishani, akaishika grili kwa mikono miwili na kuitikisa, kisha akajaribu kupitisha ngumi kati ya nondo. Haikupita. Akaandika, akasonga mbele.

Nilijifunzia wapi? Kwenye kituo nilichoajiriwa zamani, sitakitaja. Kilikuwa ghorofani, madirisha ya alumini ya kusukuma, hayana grili eti zinaharibu mwonekano, na viti vya plastiki vimepangwa chini yake. Nilimwomba mwenye kituo tuvihamishe. Akanijibu mbele ya wenzangu kwamba nimeajiriwa kubadilisha nepi, siyo kukagua majengo. Siku ikafika, mtoto wa miaka mitatu akapanda kiti, akaegemea wavu wa mbu, ukachomoka na fremu yake. Nilimdaka mguu. Wazazi waliambiwa wavu ulikuwa mbovu, basi. Asante sijaisikia mpaka leo.

Wavu unazuia mbu, hauzuii mtoto. Kinachomzuia ni grili, na nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10; ikizidi, kiwiliwili kinapita na kichwa kinanasa. Grili nyingi za mtaani zimepimwa kwa mwizi mtu mzima, na yale maua ya chuma ya katikati kwa mtoto ni ngazi ya kupandia.

Ila ukichomelea madirisha yote moja kwa moja, moto ukiwaka mtatokea wapi? Kila chumba kiwe na grili moja yenye bawaba, komeo liwe juu asikolifikia mtoto, bila kufuli la kutafutiwa funguo. Fundi wangu alibisha: "Mama, hapo unamfungulia mwizi mlango." Nikamwambia achomelee bawaba, mwizi tutaonana naye. Kamba za pazia nazo zifungwe juu, zinakaba shingo. Na viti, nasema tena, visikae chini ya dirisha.

Wenzangu, tunapaka katuni ukutani ili wazazi wapige picha, halafu dirisha linaachiwa Mungu! Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuandikwa kutusumbua.

Wewe wa Nkuhungu, usilipe kodi ya mwaka kabla afisa ustawi wa jamii wa halmashauri hajaiona hiyo nyumba, na watu wa Zimamoto pia. Muulize mwenye nyumba mapema kama ataruhusu grili zikatwe ziwekwe bawaba, na makubaliano yaingie kwenye mkataba. Wengine wanakataa ukishalipa.