Kiuzbeki na Kikorea: zimefanana, lakini ni ndugu?

Kwa Kiuzbeki, safu kama hii huitwa savol-javob. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: ni swali na jawabu, maneno yaliyotoka Uarabuni yakafika Samarkand kule Uzbekistan kama yalivyofika Pwani yetu. Kwa Kikorea utasema jilmun na daedap, maneno ya asili ya Kichina, na hapo hatuna pa kushika. Barua za safari hii zote zinazunguka lugha hizi mbili.

Nasoma Kikorea hapa Daejeon, Korea Kusini. Chumbani tuko wawili, mimi wa Morogoro, mwenzangu wa Samarkand. Tulianza siku moja. Yeye sasa anazungumza, mimi bado napanga maneno kichwani. Ana nini nisichokuwa nacho? (Msomaji aliye Daejeon)

Usijione mzito, mdogo wangu. Mwenzako amezaliwa na mpangilio wa sentensi ambao wewe unaujenga leo. Chukua "nilisoma kitabu shuleni". Kiuzbeki ni Men maktabda kitob o'qidim. Kikorea ni Naneun hakgyoeseo chaegeul ilgeosseoyo. Zote mbili zinakwenda hivi: mimi, shuleni, kitabu, nilisoma. Yeye anachomoa neno la kwao na kuchomeka la Kikorea mahali palepale. Wewe unabomoa sentensi nzima ili kitenzi kiende mwisho.

Viambishi navyo hukaa mkiani mwa neno. Hapo walau una pa kuanzia, kwa sababu -da ya maktabda na -eseo ya hakgyoeseo zinafanya kazi ya -ni yetu katika "shuleni". Ila sisi tuna -ni hiyo na wenzake wachache, wao karibu kila kitu ni mkia. Uylarimizda ni neno moja lenye nyumba, wingi, -etu na mahali.

Kinachonifurahisha zaidi ni vitenzi viwili vinavyofuatana. Mwuzbeki akitaka ujaribu chakula atasema yeb ko'r, Mkorea atasema meogeo bwa, na vyote kwa ndani ni "kula, ona". Mama wa kwetu naye husema "hebu onja uone", kwa hiyo wazo si geni kwako. Halafu kuna kitenzi cha kupa. "Aliniandikia" kwao ni "aliandika akanipa": yozib berdi kwa Kiuzbeki, sseo jwosseoyo kwa Kikorea. Sisi kazi hiyo tumeipa kauli ya kutendea, andika ikawa andikia. Mwenzako hakufundishwa hilo darasani, alilitambua tu.

Lakini naye ana milima yake. Kitenzi cha Kiuzbeki hutaja mtendaji kama chetu: o'qidim nilisoma, o'qiding ulisoma, o'qidi alisoma. Ilgeosseoyo ya Kikorea haisemi ni nani. Isitoshe, kuna dal, mwezi wa angani, tal, barakoa, na ttal, binti. Sikio la Mwuzbeki husumbuka hapo. Kama una bibi wa Pwani anayetofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini, yule mnyama, kwa pumzi ya P peke yake, mpigie simu umsikilize. Pumzi hiyohiyo ndiyo inayotenga dal na tal.

Ushauri wangu: acha kuanza na kitenzi. Weka mahali, weka kitu, kisha subiri. Zoea kusubiri kwanza, kasi itakuja.

Nimesoma mtandaoni kwamba Kiuzbeki na Kikorea ni za ukoo mmoja, Kialtai. Ni kweli? (Msomaji wa Mombasa)

Wanaisimu wengi leo hawakubali, na mimi nasimama nao. Dhana hiyo ina umri mrefu. Mfini Gustaf Ramstedt, aliyefariki 1950, alijitahidi sana kuunganisha Kikorea na lugha za Kituruki na Kimongolia. Mwaka 2021 Martine Robbeets na wenzake waliifufua katika jarida la Nature, wakaihusisha na wakulima wa nafaka za jamii ya uwele kwenye bonde la mto Liao Magharibi, miaka 9,000 iliyopita. Wakosoaji hawakukawia.

Undugu wa lugha hupimwa kwa maneno ya msingi na kwa sauti zinazobadilika kwa kanuni. Sisi tunasema tatu, Mnyarwanda gatatu, Mzulu kuthathu. Damu inaonekana. Sasa weka Kiuzbeki karibu na Kituruki cha Istanbul: jicho ni ko'z na göz, njoo ni kel na gel, ulimi ni til na dil, nne ni to'rt na dört. K inakuwa g, t inakuwa d, tena na tena. Huo ni undugu. Kisha hesabu moja, mbili, tatu: Kiuzbeki bir, ikki, uch, Kikorea hana, dul, set. Utaunganisha nini?

Ule mfanano wa kitenzi mwishoni na viambishi mkiani unapatikana pia Kijapani na Kimongolia, na hata Kihindi husema likh do, "andika, toa", kwa maana ya niandikie. Lugha zilizoishi jirani kwa karne nyingi huambukizana mwendo. Kikorea, pamoja na lugha ya kisiwa cha Jeju, kina ukoo wake mdogo. Kwangu hilo linakipa heshima zaidi.

Mimi ni mpenzi wa tamthilia za Kikorea. Rafiki yangu wa Tashkent anamwita dada yake "opa". Amekosea?

Hajakosea, mwanangu. Opa ya Kiuzbeki ni dada mkubwa. Oppa ya Kikorea ni kaka mkubwa, na anayeitamka ni mwanamke. Ni sadfa tu. Mwanamume wa Kikorea kaka yake mkubwa ni hyeong na dada yake mkubwa ni nuna. Mwanamke dada yake mkubwa ni eonni. Kiuzbeki hakijali anayesema ni nani: aka ni kaka mkubwa, opa dada mkubwa, uka mdogo wa kiume, singil mdogo wa kike.

Kote kuwili umri ndio unaofungua mlango, na anayetoka nyumba yenye shikamoo na marahaba ataelewa upesi. Mwuzbeki humwambia mkubwa siz badala ya sen, na baba akifika husema dadam keldilar, kwa kitenzi cha wingi, ingawa baba ni mmoja. Mkorea hupachika -si- ndani ya kitenzi kwa ajili ya baba, kisha mwisho wa kitenzi huubadilisha kulingana na anayesikiliza. Ni heshima mbili kwa pamoja.

Kwa nini kuna Wakorea wengi Uzbekistan? Wanazungumza Kikorea?

Walipelekwa kwa nguvu. Mwaka 1937 serikali ya Stalin iliwahamisha Wakorea zaidi ya 170,000 kutoka Mashariki ya Mbali ya Usovieti, kwa madai kwamba wangetumika na majasusi wa Japani. Waliingizwa kwenye treni na kushushwa Kazakhstan na Uzbekistan. Mwaka uliofuata shule zao zikageuzwa kuwa za Kirusi. Lugha waliyobeba, Koryo-mal, yenye asili ya kaskazini mwa Korea, leo imebaki kwa wazee, na wajukuu wengi wanazungumza Kirusi. Naliandika hili kwa uchungu, maana lugha ikitolewa darasani haichukui hata vizazi vitatu kunyamaza.

Chakula kimedumu zaidi. Kule hapakuwa na kabichi ya kimchi, ile achari ya Kikorea, karoti zilikuwa tele, wakazikata nyembamba wakazitia siki, vitunguu saumu na pilipili. Kachumbari hiyo, morkovcha, haikosi sokoni Tashkent.

Lugha ipi ina herufi rahisi?

Kikorea. Mfalme Sejong alitangaza herufi zake mwaka 1446, na za msingi ni 24 tu. Kiuzbeki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kikaenda Kilatini, kikapelekwa Kisiriliki, yaani herufi kama za Kirusi, mwaka 1940, kisha sheria ya 1993 ikakirudisha Kilatini. Hadi leo utakuta mabango ya aina mbili mtaa mmoja.

Nifundishe salamu moja ya kila lugha.

Kwa Kikorea sema annyeonghaseyo. Ndani yake mna annyeong, yaani salama. Kwa Kiuzbeki anza na assalomu alaykum, kisha uliza omonmisiz? Ile -mi ni ya kuuliza, siz ni wewe kwa heshima, na omon unaijua tayari: ni amani. Ukijibiwa rahmat, umeshukuriwa.